Godoro la Wifi

Mei 9
Muuguzi amenipa kazi kama ya shule. Kila siku niandike nimelala vipi, na asubuhi mikono imechukua muda gani kufunguka. Nikamwambia saa yetu ya ukutani haitembei tangu kile kimbunga. Akasema, "Basi pima kwa chochote ulicho nacho." Haya. Leo vidole vimefunguka birika lilipochemka mara ya pili. Usingizi wa kukatikakatika. Kila Lopeti alipotaka kunyonya, Sateki aliamka, akanigeuza upande, akaniwekea mtoto kifuani, halafu huyo, akalala tena kama mtu ambaye hakuamka kabisa. Kwa hilo tu namwonea mume wangu wivu.

Mei 10
Birika mara ya pili tena.

Mei 14
Siku ya kusuka, ukumbi wa kanisa. Majani ya mkadi yametolewa baharini yalikolowekwa, yamekauka meupe vizuri. Mimi nimeshindwa hata kuyachana. Nimekaa nawapangia wenzangu tu, kama mtoto anayejifunza.

Telesia, jirani yangu, hawezi kukaa na jambo moyoni.

"Feina, jana ulikula nini?"

"Mihogo."

"Mihogo mitupu?"

"Na nyama ya kopo. Kidogo."

"Si nilisema! Jongo hilo. Baba watoto wangu akisikia tu kopo linafunguliwa, kidole gumba cha mguu kinaanza kulia."

Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka. Nikawaeleza alivyonieleza muuguzi, kwamba hili si jongo, ni baridi yabisi, mwili unajishambulia wenyewe kwenye maungio, na kwangu umeanza nilipomzaa Lopeti. Telesia akavuta jani lake akalikaza.

"Muuguzi mwenyewe wa juzi. Acha nyama, mwenzangu."

Mkeka ninaoulalia niliusuka kwa mikono hii mwaka nilioolewa. Upana wake wa watu wawili, na hadi leo hauna jani lililochomoka. Nyonga yangu ikiugusa ni kama imewekwa juu ya jiwe.

Mei 22
Sateki amerudi kutoka gatini amejitwika godoro kichwani. Kontena limefika kutoka ng'ambo, watu wamegombania. Hata mlango halijapita akaanza kuita.

"Mama Pisila! Njoo ubonyeze! Bonyeza uone!"

Nikamwambia vidole vyangu havibonyezi kitu. Akabonyeza yeye kwa ngumi, ngumi ikazama mpaka kifundoni. Akacheka kwa furaha. Kuna magodoro mengine yalikuwa magumu, anasema, kaachia wajinga. Telesia akaja kuliangalia, akajitupa juu yake na miguu ikabaki hewani.

"Hili hata ikulu hawana," akasema. "Sasa utapona."

Mei 23
Nimelala!

Mei 24
Nimelala. Birika mara moja tu.

Mei 29
Godoro limenikamata. Limefanya shimo pale nilipo, nami nimo ndani yake. Kugeuka kunataka mtu asukume kwa mikono, na mimi mikono ndiyo sina. Kiuno kimepinda kama upinde. Sateki ananigeuza kama samaki juu ya makaa. Anauliza, "Lakini si laini?" Ni laini, baba Pisila. Sikuwa na moyo wa kusema zaidi.

Juni 6
Upepo wa kusini-mashariki umeanza. Baridi inapenya hata chini ya mlango.

Juni 7
Upepo.

Juni 13
Nimeanza kuandika nikaacha, nimeanza nikaacha. Nitaandika kwa sababu nimeambiwa niandike nilivyolala.

Sateki alitoka alfajiri kwenda shambani, viazi vikuu vinachimbwa sasa. Kabla ya kutoka aliniwekea Lopeti upande wa kushoto, akanifunika. Nikapitiwa na usingizi, usingizi mtamu kuliko yote ya mwezi huu, nao ndio ninaoulaani. Nilipoamka kulikuwa kunapambazuka, na sikumwona mtoto. Nilimhisi. Alikuwa ameteleza ndani ya lile shimo langu, uso wake umeingia ubavuni chini ya titi, na juu yake kuna mkono wangu.

Nikaamuru mkono uinuke. Haukuinuka. Bega lilikuwa limefungwa kama mlango uliolowa mvua. Nikajaribu kujivuta kwa miguu, godoro likanirudisha, na kila nilivyojitikisa ndivyo mtoto alivyozidi kuingia chini yangu. Nilimsikia anapumua kwa shida, kisha sikumsikia.

Nikaita, "Pisila." Pisila wangu ana miaka saba, alikuwa analala kwenye mkeka kando ya ukuta, na usingizi wa mtoto ni mzito. Nikaita tena. Sauti ya asubuhi haitoki. Nikapiga kelele sijui za namna gani, ndipo akanyanyuka nywele zimetimka, akaja akasimama ananitazama.

"Mvute miguu! Mvute mdogo wako!"

Akashika miguu miwili akavuta kama anavuta kamba. Lopeti akatoka. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuiandika. Pisila akampigapiga mgongoni kama alivyoniona mimi nikifanya, akampiga tena, na mtoto akalia. Mimi nilikuwa bado nimelala palepale. Niliisikia shukrani ikitoka mdomoni mwangu, huku mkono bado hauinuki.

Pisila akamkalisha mapajani, akamfuta. Halafu akauliza, wala si kwa ubaya, aliuliza tu kama anavyouliza mambo mengine:

"Mama, kwa nini hukusogea?"

Juni 14
Sateki amelitoa godoro nje akalikata kwa panga. Aliliinamia akilikata mpaka jasho likamtiririka, na upepo ule ulivyo baridi. Telesia akaja akaokota vipande, eti visipotee bure. Sasa wanawake wote wa kusuka wana vitu vya kukalia.

Juni 15
Mkeka.

Julai 3
Hospitali. Nimempa muuguzi maandishi yangu, akayasoma palepale, alipofika Juni 13 akavua miwani. Kisha akaniambia mambo mawili.

La kwanza godoro. Si laini, wala si gumu kama mkeka. Nyonga na bega vizame kidogo, kiuno kishikwe. Mto katikati ya magoti. Na liwe juu, juu ya kitanda, ili nikikaa nyayo zifike chini, kwa sababu kunyanyuka kutoka sakafuni kunamaliza nguvu za siku nzima kabla siku haijaanza. Na kabla ya kununua, akasema, mwenye maumivu alilalie mwenyewe dukani, si mwenye ngumi.

La pili dawa. Ipo, vidonge vya mara moja kwa wiki, na watu wengi huwasaidia. Lakini mama anayenyonyesha hapewi.

"Ana umri gani mtoto?"

"Anakaa. Bado hatambai."

"Ungeweza kumwachisha."

Nimejaribu, nimemwambia. Mchana anakula viazi na uji wake vizuri. Usiku anaamshwa na harufu yangu, na mimi siwezi kukimbia.

Julai 5
Birika mara tatu. Sateki amenifunga vifungo vya gauni.

Julai 11
Ujumbe umefika: Losaline anakuja kwa meli ya wiki ijayo. Ni dada mkubwa wa Sateki, anakaa Nuku'alofa, mji wetu mkuu, watoto wake wamekua na kutawanyika ng'ambo. Amesikia habari ya Juni 13. Nani kamwambia? Telesia ana binamu Nuku'alofa, na binamu ana simu.

Watoto wangu wana shangazi huyo tu, na kwetu shangazi ndiye mwenye cheo juu ya familia nzima ya kaka yake. Akitamka jambo, kwa Sateki limekwisha kutamkwa. Siku ya harusi yetu alikaa juu ya mikeka yote niliyoleta, kisha akaondoka nayo. Ni haki yake. Huu mmoja ninaoulalia ulibaki kwa kuwa ulikuwa bado haujamalizika kusukwa.

Nyumba haina doa. Pisila amefagia mpaka chini ya kabati.

Julai 18
Nimefanya ujinga, na nimeufanya kwa adabu.

Wifi kashuka melini na godoro, limefungwa nailoni. Jipya. Kaenda dukani mwenyewe, kavua viatu mbele za watu, kalala.

"Walinicheka," anasema. "Nikawaambia nyonga zangu na za mke wa ndugu yangu ni za kiwanda kimoja. Hili ndilo. Ni lako, Feina."

Nikalilalia kidogo na nailoni yake. Kiuno kikashikwa. Nyonga ikatulia.

Sateki alikwisha kutengeneza kitanda cha mbao, cha kimo cha magoti yangu. Kikawekwa chumba cha mbele. Giza likaanza, na mgeni ni yeye, mwenye heshima kuliko wote ndani ya nyumba. Mimi nilale kitandani, yeye chini? Nikasema, "Wifi, lala wewe." Akakataa. Nikasema tena. Akakataa. Nikasema mara ya tatu, maana ndivyo tulivyolelewa, na yeye kwa kulelewa hivyohivyo akakubali.

Nikamwona Sateki kasimama mlangoni amekodoa macho. Ndipo nikaelewa. Kwetu, kitanda alicholalia dada, kaka hakikalii, hakigusi, wala hapiti karibu yake. Godoro lililonunuliwa kwa ajili yetu limekuwa la dada yake kwa neno langu mwenyewe, na haliwezi kurudi kuwa letu.

Naye Sateki hawezi kulala humu ndani dada yake akiwemo. Kachukua blanketi, kaenda jikoni nje.

Nani atanigeuza?

Julai 19
Wifi kalala vizuri, anasema.

Julai 20
Pisila amenigeuza. Kaniwekea mtoto. Hakulalamika.

Julai 24
Mvua. Namsikia wifi akikoroma polepole juu ya godoro, na ninamchukia, naandika kama ilivyo. Alijua. Mwanamke anayejua kila kitu, hilo hakulijua? Kalitoa kwa mkono mmoja, kalichukua kwa mwingine.

Julai 29
Mwalimu kaleta salamu: Pisila analala darasani. Wifi ndiye aliyezipokea, mlangoni. Aliporudi ndani akakaa akamtazama Pisila akikunja nepi.

Agosti 2
Wifi anaamka kabla yangu sasa. Leo nimemkuta kakaa kizani kiti cha pembeni, anatutazama. Pisila ananisukuma bega kwa magoti yake, kama tunavyosukuma ngalawa mchangani, "moja, mbili, haya mama!" Nikajua wifi keshaona mengi.

Agosti 4
Sateki kaingia uani nikichambua majani ya majimbi. Akachuchumaa, akawa anachora chini kwa kijiti.

"Dada amesema Lopeti aende naye."

"Nawe umesema nini?"

"Nimesema ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Kuna neno lingine, mama Pisila? Nifundishe basi."

Hakuna. Namjua, na nazijua desturi. Nikaendelea na majani. Yalinitoka mkononi moja moja.

Agosti 6
Nimekwenda kwake mwenyewe. Mke wa kaka hana cheo cha kumkatalia shangazi wa watoto. Wifi alikuwa kitandani anajipaka mafuta magoti. Nikakaa chini mkekani, kama inavyopasa.

"Wifi, mtoto bado ananyonya."

"Najua. Ndiyo maana hupewi dawa. Nimekwenda hospitali kuuliza."

"Nitamwachisha hapahapa."

"Kwa mikono ipi, Feina?"

Nikasema kwa mikono yangu. Akaguna.

"Unafikiri nimekuja kukunyang'anya. Huko kanisani wanasema hivyo pia, nasikia, masikio ninayo. Mimi simwonei huruma huyo mdogo. Mdogo anashiba, anacheka. Namwonea yule." Akaelekeza kidevu nje. Pisila alikuwa anateka maji huku kambeba mdogo wake mgongoni. "Umemfanya mke wa nyumba. Mimi nilikuwa hivyo. Mama yangu alikuwa na mikono kama yako, nasi tukisema ni jongo, tukimnyima nyama. Sateki unayemwona nilimlea mimi. Shule niliiona dirishani tu. Mpaka leo ananiheshimu kama ukuta, na hajawahi hata mara moja kucheka nami."

Sikujua hayo. Miaka yote hii sikuyajua. Nikabaki natazama magoti yake, yamevimba kama yangu. Lile godoro alilipima kwa mwili wake kweli.

Nikasema, "Atakwenda. Lakini ni mpaka mikono yangu iweze kumfunga kanga mgongoni yenyewe. Siku hiyo anarudi."

Akaacha kupaka.

"Mtoto haazimwi, Feina. Anatolewa."

"Huyu anaazimwa."

"Unaniwekea masharti? Wewe?"

"Ndiyo, wifi."

Ningependa kuandika kwamba aliahidi. Hakuahidi. Aliziba chupa ya mafuta akasema, "Nipe mkono ninyanyuke." Akakumbuka mikono yangu, akanyanyuka mwenyewe, kisha akaninyanyua na mimi.

Agosti 8
Nimemnyonyesha kila alipotaka na asipotaka.

Agosti 12
Meli imeondoka asubuhi. Lopeti alikuwa amelala begani kwa shangazi yake, kavaa sweta alilofumiwa na Telesia, linamzidi mikono. Telesia alikuja gatini akaikunja ile mikono mara mbili. Pisila akauliza kama sasa anaruhusiwa kwenda kucheza. Nikamwambia nenda. Alisimama kwanza, kama hajui kucheza kunaanziaje.

Wifi akaniambia sikioni, "Godoro limebaki. Lilalie."

Agosti 13
Kidonge cha kwanza. Muuguzi anasema nisitegemee kitu mapema, itachukua majuma. Maziwa yatajaa na kuuma, kisha yatakauka yenyewe.

Nimelala kitandani. Sateki kaweka mkeka wetu chini kando yake, pembeni kabisa, blanketi lake lisiguse mbao. Tuliongea kidogo, mimi juu yeye chini. Baadaye alinyamaza, lakini hakuwa na ile pumzi yake ya usingizi.

Agosti 14
Nimelala.

Sijui niandikeje. Nimelala kuanzia giza mpaka jua kwenye dirisha. Sikuota. Sikugeuzwa na mtu. Nyonga kimya, mabega kimya, kiuno kimeshikwa kama mtu aliyebebwa. Tangu nimzae Lopeti sijapata usingizi wa namna hii, na nilipofumbua macho nilifurahi. Naiandika hiyo furaha, kwa kuwa ilikuwepo kabla sijakumbuka.

Halafu nikahisi baridi. Gauni limeloa, shuka limeloa, na chini ya shuka godoro limeloa, duara kubwa. Maziwa yametoka usiku kucha na mimi sikuamka. Mwili umemwita mtoto, mimi nimelala.

Nikakaa. Nyayo zikafika chini. Nikatoa shuka kwa viganja na viwiko, nikalivuta godoro mpaka likaanguka upande, nikalikokota kuelekea mlangoni. Lilipofika kizingitini likakwama, nami nikaishiwa. Pisila alikwisha kwenda shule. Kaenda bila kunigeuza wala kubeba mtu.

Sateki alikuwa uani ananoa panga. Akaniona. Akaliona lile duara. Akatazama chini, akatazama upande wa bahari ambako meli ilikwenda. Nikasema, "Acha, baba Pisila. Nitamsubiri Telesia."

Akaweka panga chini. Akafuta mikono kwenye suruali, mara ya kwanza, mara ya pili, akaja akiwa amegeuzia uso pembeni, akashika ile ncha nyingine ya godoro la dada yake, asiloruhusiwa kuligusa. Tukalitoa. Tukaliegemeza ukutani, upande uliolowa ukaelekea jua, tukakaa chini hatua chache kutoka pale, tunangoja likauke.